NANI ALIIPIKA SUMU, NANI ALIIUZA, NANI ALIIMWAGA?



Twajua ya kwamba wengi wenu mkiona kichwa cha habari hii mtauliza: Chama cha wafanyakazi chaingiaje katika mambo ya vita na gesi za sumu katika nchi za mbali? Kazi yetu si mishahara, saa za kazi, likizo na malipo ya uzeeni? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza na tueleze mambo yenyewe, maana mtu hawezi kukata shauri juu ya jambo asilolijua.

MJI WA HALABJA

Tarehe 16 Machi 1988 ndege za serikali ya Iraki ziliupiga mji wa Halabja. Huo ni mji wa Wakurdi, karibu na mpaka wa Iran. Iraki na Iran zilikuwa vitani tangu mwaka 1980, na siku zile askari wa Iran pamoja na wapiganaji wa Kikurdi walikuwa wameuteka mji huo. Serikali ya Baghdad haikwenda kupigana na askari wale peke yao. Iliuadhibu mji mzima.

Kwanza yalianguka mabomu ya kawaida. Watu wakafanya kama watu wafanyavyo popote: wakawashika watoto wao wakashuka katika vyumba vya chini ya nyumba. Halafu yakaja mabomu ya gesi. Gesi hizo ni nzito kuliko hewa, nazo hushuka chini kama maji yatafutavyo bonde. Kwa hiyo pale walipokimbilia ndipo palipokuwa kaburi lao. Waliopona wamesimulia ya kwamba walisikia harufu kama ya matofaa, kisha macho yakawaka na pumzi ikawapotea.

Sumu hizo zilikuwa za namna mbili. Moja ni gesi ya haradali, ambayo huunguza ngozi, macho na mapafu, na mara nyingi mtu haoni madhara yake ila baada ya saa kadhaa. Nyingine ni sumu ya mishipa ya fahamu, ambayo humkaba mtu akafa kwa dakika chache. Watu wapatao 5,000 walikufa, na maelfu wengine waliumizwa. Wengi wao walikuwa wanawake, watoto na wazee. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa watu wa nyumbani kwao, siku ya kazi kama siku nyingine.

UONGO ULIOFUATA

Sasa tazameni mambo yaliyofuata, maana hapo ndipo shabaha ya maneno yetu ilipo. Watu wa Halabja waliuawa mara mbili. Mara ya kwanza kwa gesi, mara ya pili kwa uongo.

Waandishi wa magazeti na wapiga picha waliingizwa mjini na Waironi siku chache baadaye, na picha zikaenea duniani. Moja yaonyesha mzee wa Kikurdi ameanguka kizingitini, amemkumbatia mtoto mchanga, wote wawili wamekufa. Hapakuwa na mtu aliyeweza kusema ya kwamba hakuona. Hata hivyo serikali ya Marekani, ambayo wakati ule ilikuwa ikiisaidia Iraki katika vita vile, ilisema ati huenda Iran nayo ilitumia gesi. Tarehe 9 Mei 1988 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 612. Azimio hilo lililaani silaha za sumu kwa maneno makali, lakini halikumtaja aliyezitumia. Liliziambia pande zote mbili zijizuie. Huo ni mfano wa mwajiri anayempiga kibarua mbele ya watu, kisha mkaguzi anaandika katika ripoti yake ya kwamba wote wawili wanaombwa wawe na adabu.

Wala dunia haikuwa mgeni wa jambo hilo. Mwaka 1984 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa walikwenda Iran wakathibitisha ya kwamba silaha za sumu zilikuwa zikitumika. Tarehe 28 Juni 1987 mji wa Sardasht, upande wa Iran, ulipigwa kwa gesi ya haradali, na waliopigwa walikuwa raia. Kwa hiyo ilijulikana miaka minne kabla ya Halabja. Aliyefanya aliona ya kwamba hakuna anayemwadhibu, akaendelea. Ulegevu wa wakubwa ulimpa ruhusa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutafuta ukweli: si kwa ajili ya waliokufa tu, ni kwa ajili ya watakaofuata.

MAPIPA YALITOKA WAPI?

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi tunaobeba, tunaopakia, tunaoendesha malori na kuandika vitabu vya bohari. Gesi haitoki mawinguni. Ina kiwanda, ina mapipa, ina meli, ina gati, ina karani aliyepiga muhuri.

Viwanda vya sumu vya Iraki, hasa vya huko Samarra, vilijengwa kwa msaada wa makampuni ya Ulaya, na mengi yalikuwa ya Ujerumani Magharibi. Kemikali zilinunuliwa nje. Mfanyabiashara mmoja wa Uholanzi, Frans van Anraat, aliiuzia Iraki zaidi ya tani 1,000 za kemikali iitwayo thiodiglikoli. Kitu hicho hutumika katika wino na katika kutia nguo rangi. Lakini ukikichanganya na asidi fulani chaweza kuwa gesi ya haradali. Baadhi ya mapipa hayo yalitoka Marekani, yakapita Ulaya, yakashushwa katika bandari ya Aqaba huko Yordani, kisha yakaenda Iraki kwa barabara.

Fikirini, ndugu, ni mikono mingapi iliyoyagusa mapipa yale. Kuli aliyeyashusha hakujua. Dereva hakujua. Wao waliambiwa ni bidhaa za kiwanda cha nguo, wakafanya kazi yao wakalipwa ujira wao mdogo. Lakini mwenye biashara alijua. Hayo si maneno yetu, ndivyo mahakama ilivyoona. Mtu huyo alikimbilia Iraki mwaka 1989, akakaa huko mpaka vita vya mwaka 2003, ndipo akarudi kwao. Alikamatwa mwaka 2004. Tarehe 23 Desemba 2005 mahakama ya The Hague ilimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa kushiriki katika makosa ya vita. Alipokata rufani mwaka 2007 kifungo kikaongezwa kuwa miaka 17, na mwaka 2009 mahakama ya juu ikakipunguza kwa nusu mwaka. Mwaka 2013 mahakama ya huko huko ikamwamuru alipe fidia watu kadhaa walioumizwa na gesi.

Twataka wanachama waikumbuke hukumu hiyo. Hakurusha bomu hata moja. Hakuvaa nguo za askari. Aliuza tu, na katika biashara twaambiwa kila siku ya kwamba muuzaji hana hatia, hatia ni ya mtumiaji. Mahakama imesema sivyo. Anayeuza huku akijua mali yake itaua, huyo ni mshiriki. Na kilichomnasa kwa sehemu kubwa ni karatasi za biashara yake, zile zile karatasi ambazo makarani wa dunia nzima huziandika kila siku bila kuthaminiwa.

KESI ILIYOFIKA NUSU YA NJIA

Je, wenyewe waliotoa amri? Saddam Hussein alinyongwa tarehe 30 Desemba 2006 kwa ajili ya kuuawa watu 148 wa Dujail. Kesi ya mauaji ya Wakurdi ilikuwa bado yaendelea. Wako waliofurahi, na hatuwalaumu. Lakini sisi twasema watu wa Halabja walinyang'anywa haki yao siku ile. Yule mkubwa alikufa bila kuulizwa mbele yao: Kwa nini? Nani alikusaidia? Mtu aliyekufa hajibu maswali, na siri zake hushuka naye kaburini.

Binamu yake, Ali Hassan al-Majid, alisimamishwa kortini kwa jambo la Halabja lenyewe. Wakurdi walikuwa wameziteka tani nyingi za karatasi za serikali wakati wa maasi ya mwaka 1991, na palikuwa na kanda za sauti yake mwenyewe. Alihukumiwa kifo tarehe 17 Januari 2010, akanyongwa siku nane baadaye.

Sasa watu wa Halabja wenyewe wakoje? Mwaka 2003 lilifunguliwa jengo kubwa la ukumbusho, na waheshimiwa kutoka nchi za nje wakaja. Kila mwaka wakubwa walikuja kuweka maua na kupigwa picha, kisha wakaondoka. Barabara mbovu, maji taabu, wagonjwa wa mapafu na macho wahangaika na dawa. Tarehe 16 Machi 2006, siku ile ile ya kumbukumbu, wananchi wa mji waliandamana, na jengo lile likachomwa moto. Polisi walifyatua risasi, na kijana mmoja akafa. Watu wa mbali walishangaa: watawezaje kuuchoma ukumbusho wa maiti wao? Sisi hatukushangaa. Mfanyakazi aliyepoteza mkono katika mashini anaelewa. Yeye hataki hotuba na cheti cha shukrani. Anataka matibabu, fidia, na mwenye kosa atajwe.

Na kuna jambo jingine. Katika kukimbia siku ile watoto wengine walipotea, wakachukuliwa Iran, wakalelewa na watu wengine. Baadhi yao wamerudi wakiwa watu wazima, wakajua majina yao ya kwanza baada ya damu yao kupimwa. Kwa watu hao ukweli si siasa. Ukweli ni kumjua mama yako.

JIRANI ZETU WA UHABESHI

Msidhani ya kwamba ni mambo ya Waarabu na Wakurdi tu. Yalifanyika hapa kwa jirani yetu. Italia ilipoivamia Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, mwezi wa Oktoba 1935, ilikuwa imekwisha tia sahihi Itifaki ya Geneva ya mwaka 1925 inayokataza gesi za sumu vitani. Hata hivyo tangu mwezi wa Desemba mwaka ule ndege zake zilimwaga gesi ya haradali juu ya majeshi, vijiji, mifugo na mito. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe mbele ya Ushirika wa Mataifa huko Geneva akaeleza jinsi watu wake walivyonyeshewa mvua ya sumu. Waandishi wa Kitaliani walimpigia mbinja ukumbini. Mwezi uliofuata vikwazo vya biashara juu ya Italia vikaondolewa.

Nani aliadhibiwa? Hakuna. Jemadari Badoglio hakufikishwa kortini kwa ajili ya Ethiopia mpaka akafa. Jemadari Graziani alihukumiwa mwaka 1950 kifungo cha miaka 19, lakini ilikuwa kwa kushirikiana na Wajerumani, wala si kwa ajili ya Waafrika aliowaua. Hakukaa gerezani ila miezi michache. Serikali ya Italia haikukubali waziwazi ya kwamba gesi ilitumika mpaka mwaka 1996, baada ya miaka 60. Na mwaka 2012, katika mji wa Affile, Graziani alijengewa ukumbusho kwa fedha za umma. Mnaona jambo linalotokea ukweli ukiachwa ulale? Muuaji hupata sanamu, na waliouawa hawapati hata orodha ya majina.

Lakini katika aibu ile palikuwa na watu waliojua wajibu wao. Mwaka 1935 makuli wa bandari ya Durban walikataa kupakia vyakula vilivyokuwa vikipelekwa kwa majeshi ya Italia. Hawakuwa na kura, hawakuwa na balozi, na mshahara wao ulikuwa wa kununulia chumvi. Wakubwa wa Geneva walijadiliana, makuli wa Durban wakaacha mzigo chini. Hilo ndilo jibu la mwanzo kwa anayeuliza Chama chaingiaje.

NANI ANA RUHUSA YA KUTAJA JINA?

Wengine watasema mambo hayo ni ya zamani. Siyo. Tarehe 21 Agosti 2013 makombora yenye gesi ya sarini yaliangukia Ghouta, kando ya Damascus, mji mkuu wa Syria. Mamia ya watu walikufa usingizini. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikwenda, wakapima udongo na damu, wakathibitisha sarini. Lakini hati iliyowatuma iliwaruhusu kusema kama sumu ilitumika, haikuwaruhusu kusema ni nani aliyeitumia! Baadaye iliundwa kamati yenye ruhusa ya kutaja, nayo ikaitaja serikali ya Syria kwa shambulio la Khan Shaykhun la tarehe 4 Aprili 2017. Mwaka ule ule Urusi ikatumia kura yake ya turufu katika Baraza la Usalama, kamati ikafa.

Ndipo mwezi wa Juni 2018 nchi wanachama wa Shirika la Kukataza Silaha za Kemikali, lililoko The Hague, zikapiga kura, 82 kwa 24, ya kwamba shirika lenyewe lipewe uwezo wa kumtaja mwenye kosa. Mwezi wa Januari 2023 wachunguzi wake wakaeleza ya kwamba ndege ya jeshi la Syria ndiyo iliyoangusha mitungi ya klorini huko Douma tarehe 7 Aprili 2018, wakafa watu 43. Mahakimu wa Ufaransa walitoa hati ya kumkamata Rais Bashar al-Assad mwezi wa Novemba 2023 kwa jambo la Ghouta. Aliangushwa tarehe 8 Desemba 2024 akakimbilia Urusi. Mwezi wa Julai 2025 mahakama ya juu ya Ufaransa ikaifuta hati ile kwa kuwa ilitolewa angali rais, lakini ikasema kwa kuwa si rais tena, hati mpya yaweza kutolewa. Njia ni ndefu, lakini haijafungwa.

MAJIBU YETU KWA WENYE SHAKA

Wako wasemao: Acheni ya kale, ya kale hayajengi, yaleteni mapatano. Sisi twapenda mapatano. Lakini mapatano hufanywa na watu wawili waliokubaliana juu ya jambo lililotokea. Mmoja akisema nimepigwa, na mwingine akisema hujapigwa, hapo hapana mapatano, pana kunyamazishwa.

Wako wasemao: Serikali zote hudanganya, mtu wa chini atajuaje? Ni kweli zadanganya, nasi tumeona Marekani ikidanganya juu ya Halabja, na Urusi ikiziba njia juu ya Syria. Ndiyo sababu hatutaki ukweli uachwe mikononi mwa serikali. Udongo hauna chama, damu haina ubalozi. Daktari aliyetibu, mkaguzi aliyepima, karani aliyeandika, mama aliyeona, hao wakilindwa wote wakasikilizwa, uongo hauna pa kukaa.

Na wako wasemao: Mbona mwadai mambo ya watu wa mbali, na hapa petu yapo mengi? Ndugu, anayezoea kunyamaza kwa ya jirani hawezi kupata sauti yakimfika yake. Haki ya kujua mliyomo katika pipa ni moja, liwe pipa la vita au pipa la dawa ya kuulia wadudu shambani.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo Chama chataka mambo manne, na twaomba kila tawi liyajadili katika mkutano wake.

Kwanza, Kenya iliukubali Mkataba wa Silaha za Kemikali mwaka 1997. Basi wajumbe wetu huko The Hague na wapige kura kila mara upande wa kutaja mwenye kosa, awe rafiki au si rafiki, wala wasijifiche nyuma ya maneno ya pande zote mbili.

Pili, wauzaji na wenye viwanda wahesabiwe pamoja na majemadari. Asiyefuatwa katika faida yake hatajuta.

Tatu, fidia na matibabu ya waliopona yatangulie sanamu na hotuba. Mapafu yaliyoungua hayatibiwi kwa maua.

Nne, lililo mikononi mwetu wenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka vyombo vya kemikali viwe na alama zinazoeleza kilichomo na hatari yake. Kwa hiyo kuli wa Kilindini, dereva wa lori, karani wa bohari na kibarua wa kiwanda, ukiona pipa halina alama, au alama imebanduliwa, au karatasi yasema hivi na pipa lasema vile, usiguse. Mwite mwakilishi wako wa Chama, andika tarehe, nambari ya pipa na jina la meli au la gari. Weka nakala. Leo itakulinda wewe na mikono yako. Kesho yaweza kuwa ndiyo karatasi inayotafutwa na mahakama kwa ajili ya mji ambao hujapata kuusikia.

Matatu ya kwanza twawadai wakubwa. La nne hatuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Makatibu wa matawi walete majibu ya mikutano yao ofisini kabla ya toleo lijalo.